Jaribio la Mwili na Jaribio la Chupa

Methali ya Waswahili isemayo kwamba dawa ya moto ni moto haihitaji kufafanuliwa kwa mwenyeji wa lugha: ukali hujibiwa kwa ukali, na kitu huzimwa kwa mfano wake. Katika nchi ya Ujerumani, mwishoni mwa karne ya 18, tabibu mmoja alilishika wazo la namna hii akaligeuza kuwa kanuni ya uganga. Alidai kwamba kitu kiwezacho kumtia mtu mwenye afya dalili fulani ndicho kiwezacho kumponya mgonjwa aliyepatwa na dalili zilizofanana nazo. Tabibu huyo aliitwa Samuel Hahnemann, na tiba aliyoianzisha huitwa homeopathia, jina lililoundwa kwa maneno mawili ya Kiyunani yenye maana ya kufanana na ya mateso.

Juu ya tiba hiyo swali moja limeulizwa mno, nalo ni kama yaponya. Jibu la uchunguzi mwingi ni kwamba haikuthibitika. Mwaka 2015 baraza la utafiti wa tiba la Australia, baada ya kupima ushahidi uliokuwapo, lilieleza kwamba hapana ugonjwa wowote ambao kwao kuna ushahidi wa kutegemewa kwamba homeopathia inafaa. Lakini liko swali la pili, lililoulizwa mara chache na kwa kuchelewa: je, dawa hizo ni salama, na usalama wake ulijulikanaje? Wengi walidhani kwamba kisichoponya hakiwezi kudhuru. Historia ya miaka zaidi ya 200 yaonyesha kwamba dhana hiyo ni ya hatari, hasa kwa dawa zitokanazo na mimea. Tena yaonyesha kwamba kupima dawa kuna njia mbili zisizofanana: jaribio la mwili, ambalo humtazama aliyekunywa, na jaribio la chupa, ambalo hutazama kilichonywewa. Mwanzilishi wa homeopathia alizijua njia zote mbili. Wafuasi wake waliirithi moja, na ile ya pili ikasahauliwa kwa muda mrefu.

Hahnemann alizaliwa tarehe 10 Aprili 1755 katika mji wa Meissen, nchi ya Saxony, mji uliosifika kwa vyombo vyake vya kauri. Alisoma Leipzig na Vienna, akapata shahada ya udaktari Erlangen mwaka 1779. Kabla jina lake halijafungamana na homeopathia alikuwa amekwisha kujulikana kama mkemia hodari. Mwaka 1786 alitoa kitabu juu ya sumu ya arseniki, akaeleza namna ya kumtibu aliyelishwa sumu hiyo na namna ya kuithibitisha mbele ya mahakama. Mwaka 1788 alitangaza njia ya kuwafichua wauza mvinyo wadanganyifu. Watu hao walizoea kutia madini ya risasi katika mvinyo uliochachuka ili kuutamuza, na wanywaji walikuwa wakidhurika pasipo kujua kisa. Jaribio la Hahnemann liliifanya risasi iliyofichika ijitokeze kwa rangi nyeusi ndani ya chombo, wala halikuichanganya na chuma, ambacho huweza kuwamo katika mvinyo bila hila. Hapa hapakuulizwa mnywaji anajisikiaje. Kilichohojiwa ni mvinyo wenyewe.

Miaka miwili baadaye mtu huyohuyo alikwenda njia nyingine kabisa. Mwaka 1790 alikuwa akitafsiri kwa Kijerumani kitabu cha dawa cha William Cullen, tabibu mashuhuri wa Scotland. Cullen aliandika kwamba gamba la mti wa kwinini hutibu homa za vipindi kwa sababu ya uchungu na ukakasi wake, ambao hulitia tumbo nguvu. Hahnemann hakuridhika na maelezo hayo, kwa kuwa vitu vichungu ni vingi na havitibu homa. Basi akaamua kujaribu mwilini mwake. Kwa siku kadhaa alikunywa gamba hilo mara mbili kwa siku, kipimo kikubwa kila mara, ingawa hakuwa mgonjwa. Akaandika kwamba miguu na ncha za vidole vilipata baridi, moyo ukapiga mbio, akatetemeka, mashavu yakawaka, akaona kiu. Kwa neno moja, akapata dalili alizozoea kuziona katika homa ya vipindi. Alipoacha kunywa, zikamwacha.

Mti aliojaribu si mgeni katika Afrika ya Mashariki. Wajerumani waliupanda katika kituo chao cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara, kilichoanzishwa mwaka 1902, na neno kwinini limekuwa la kila siku katika nyumba zilizozoea malaria. Hali hiyo huwawezesha wasomaji wa huku kuipima habari ya Hahnemann kwa ujuzi wao. Kwinini, ambayo Pelletier na Caventou waliitenga kutoka katika gamba hilo huko Paris mwaka 1820, huweza kuleta mvumo masikioni, kichefuchefu na kizunguzungu, lakini kwa kawaida haimtii mtu mwenye afya homa ya malaria. Huponya kwa sababu huwaua vijidudu vya malaria katika damu, vijidudu ambavyo Hahnemann hakuweza kuvijua, kwa kuwa vilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1880, wakati yeye alikwisha kufa tangu mwaka 1843. Mtu mmoja, aliyekuwa na matarajio yake, alijijaribu bila mwenzake wa kulinganishwa naye, na juu ya jaribio hilo pakajengwa jumba kubwa.

Haifai, hata hivyo, kumdharau. Katika zama zile dawa nyingi zilitolewa kwa mazoea, na wachache tu waliuliza zafanya nini ndani ya mtu asiye mgonjwa. Hahnemann aliuliza. Mwaka 1796 alieleza kanuni yake katika jarida la tabibu Hufeland. Mwaka 1805 alichapisha kwa Kilatini orodha ya dawa 27 na dalili zake. Mwaka 1810 kikatoka kitabu chake kikuu, Organon. Alipofundisha katika Chuo Kikuu cha Leipzig kuanzia mwaka 1812, aliwakusanya wanafunzi wake wakawa wajaribiwa pamoja na watu wa nyumbani kwake. Sharti lilikuwa mtu awe na afya, mkweli, na mwenye kujichunguza. Ajiepushe na kahawa, mvinyo na viungo vikali. Aandike kila aonalo mwilini na moyoni. Mazao ya kazi hiyo yalitoka katika majuzuu 6 kati ya mwaka 1811 na mwaka 1821.

Lakini yapasa kuelewa vema majaribio hayo yalitafuta nini. Mchunguzi wa leo akimpa mtu dawa mpya, huhesabu kila maumivu kuwa ni dosari, na dosari zikizidi huiacha. Hahnemann alihesabu kila maumivu kuwa ni hazina, kwa sababu kwake dalili ambayo dawa huileta ndiyo dalili itakayoiondoa. Kwa hiyo jaribio la mwili, kama alivyolipanga, halikuwa mtihani wa usalama hata kidogo. Lilikuwa mtihani wa uwezo. Mmea uliowatesa zaidi wanafunzi ndio ulioonekana una mengi ya kufaa.

Usalama ulitafutwa mahali pengine, nao ulipatikana katika udogo wa kipimo. Mimea iliyopendwa ilikuwa na sumu: akoniti, nux vomica iliyo jamaa moja na mtonga wa nyika za Afrika, na zaidi ya yote beladona, mmea wa Ulaya wenye matunda meusi ya kung'aa, ulio wa ukoo mmoja na mnanaha wa pwani. Haikuwezekana kuwapa wagonjwa vitu hivyo kwa kibaba. Mwaka 1799, ulipozuka ugonjwa wa homa nyekundu katika mji wa Königslutter alikokuwa akikaa, Hahnemann aliwapa watoto beladona kidogo mno ili kuwakinga, na mwaka 1801 akaeleza hadharani jambo hilo. Tangu hapo vipimo vyake vilizidi kupungua.

Utengenezaji wenyewe ulipangwa hivi. Mmea mbichi hupondwa, maji yake yakachanganywa na spiriti. Mchujo huo huitwa tinktura mama. Tone 1 la mchujo hutiwa katika matone 99 ya spiriti, na chupa ikatikiswa kwa nguvu na kupigwa juu ya kitu kigumu chenye kubonyea, kama kitabu kilichojalidiwa kwa ngozi. Hicho ni kiwango cha kwanza cha mia. Tone 1 la kiwango hicho likizimuliwa tena katika matone 99, hupatikana kiwango cha pili, na kadhalika. Baadaye walitokea wafuasi waliozimua kwa kumi badala ya mia, na viwango vyao huandikwa kwa herufi D au X. Hahnemann aliamini kwamba kutikisa kulifungua nguvu iliyolala ndani ya dawa, na kiwango cha 30 cha mia alikipenda sana.

Hesabu ya kiwango hicho yashangaza. Sehemu 1 ya mmea imo katika sehemu zinazoandikwa kwa tarakimu 1 ikifuatwa na sifuri 60. Hesabu za kemia zilizokuja baadaye katika karne ya 19 ziliwawezesha wataalamu kukadiria idadi ya chembe zilizomo katika kiasi fulani cha kitu, na kwa makadirio hayo, zikifika karibu hatua 12 za mia, huwa hakuna tumaini la kukuta hata chembe 1 ya mmea wa asili. Basi chupa ya kiwango cha 30 ni salama kama vile spiriti au sukari ilivyo salama, wala hakuna sumu itakayotoka humo. Lakini kiwango cha 3 cha kumi ni habari nyingine. Hicho ni sehemu 1 katika 1,000, na sehemu 1 katika 1,000 ya mmea wenye sumu ni kitu kiwezacho kupimwa, na pengine kuhisiwa. Jina moja la homeopathia lilifunika chupa tupu na chupa isiyo tupu, na mnunuzi hakuambiwa tofauti yake.

Kwa nini watu wa karne ya 19 waliikimbilia tiba hii? Sehemu kubwa ya jibu ni ukatili wa tiba nyingine. Mwaka 1792 mfalme mkuu Leopold wa Pili alifariki Vienna baada ya matabibu wake kumtoa damu mara kwa mara kwa muda mfupi, na Hahnemann akawashutumu hadharani. Wagonjwa walitapishwa, waliharishwa, walilishwa zebaki mpaka meno yakalegea. Kando ya mambo hayo, tone lisilo na kitu lilikuwa rehema. Aliyeachwa apumzike alipona mara nyingi kuliko aliyeshambuliwa, na sifa ikaenda kwa tone. Hivyo ndivyo upole wa homeopathia ulivyopata heshima pasipo kuchunguzwa, na hatimaye neno pole likafanywa kuwa sawa na neno salama.

Hata hivyo, walikuwako wachunguzi. Katika mji wa Nuremberg, mwezi Februari mwaka 1835, wapenzi wa homeopathia na wapinzani wake walikubaliana kufanya jaribio lililo miongoni mwa majaribio ya haki kabisa ya zama zile. Chupa 100 zilitiwa namba na kuchanganywa. Nusu zilitiwa maji safi ya theluji, na nusu zilitiwa maji hayohayo yenye chumvi iliyozimuliwa mpaka kiwango cha 30. Orodha ilifungwa kwa lakiri, na waliogawa chupa hawakujua ipi ni ipi. Kati ya walioshiriki, watu 50 walileta habari zao. Watu 42 hawakuona lolote. Kati ya 8 walioona jambo, 5 walikunywa dawa na 3 walikunywa maji matupu. Waandalizi wakaona kwamba tofauti hiyo haitoshi kujenga hoja. Dawa iliyojaribiwa haikuwa mmea, lakini funzo ni la dawa zote: mwili wa binadamu ni shahidi mwenye mashaka. Hushuhudia asichokula, na hunyamaza juu ya alichokula.

Wakati huohuo kemia ilikuwa ikisogea mbele. Mwaka 1831 mfamasia Mjerumani aitwaye Mein alitenga kutoka katika beladona kiini cha sumu yake, atropini. Tangu siku hiyo ikawezekana kuuliza, kwa hoja na mizani, ni kiasi gani cha sumu kimo katika chupa ya beladona. Nalo ni swali la lazima, kwa sababu mmea si kitu cha kiwandani. Kiasi cha atropini hubadilika kwa majira, kwa udongo, kwa umri wa mmea, na hutofautiana kati ya mzizi, jani na tunda. Matone mawili ya tinktura mama kutoka mashamba mawili si ndugu. Hahnemann mwenyewe alitambua jambo hili kwa namna yake: katika Organon alimtaka tabibu awe na yakini ya uhalisi wa dawa zake, na yeye alishikilia haki ya kutengeneza zake kwa mkono wake. Madai hayo yalimgombanisha na wafamasia wa Leipzig, na mwaka 1821 akauhama mji akaenda Köthen. Lakini yakini aliyoitaka ilikuwa yakini ya mtu mwaminifu, si yakini ya kipimo ambacho hata asiyeaminiwa angeweza kukirudia. Mtu aliyewafichua wauza mvinyo kwa kemia alitaka dawa zake mwenyewe zikubaliwe kwa uaminifu.

Udhaifu wa jaribio la mwili waonekana wazi zaidi katika habari ya mmea uitwao aristolokia. Wayunani wa kale waliutumia katika uzazi, na jina lake lasadikiwa kuwa latokana na uzazi mwema. Ulidumu katika dawa za Ulaya kwa karne nyingi, na homeopathia nayo ikaupokea. Maelfu ya watu waliutumia wasione jambo la kutisha. Kisha uchunguzi wa panya waliolishwa tindikali ya mmea huo ulionyesha kwamba huleta saratani, na mwaka 1981 serikali ya Ujerumani ikazifuta dawa zote zenye tindikali hiyo, isipokuwa za homeopathia zilizozimuliwa mpaka kiwango cha 11 cha kumi na kuendelea, yaani sehemu 1 katika bilioni 100. Mapema katika miaka ya 1990, mjini Brussels, wanawake waliokunywa dawa za mimea za kupunguza unene waliharibikiwa figo, na habari ya kwanza ilichapishwa mwaka 1993. Ilibainika kwamba aina moja ya aristolokia ilikuwa imetumiwa badala ya mmea mwingine wa Uchina, kwa kuwa majina yao ya Kichina yafanana. Waliodhurika walizidi 100, na baadhi yao walipatwa na saratani ya njia ya mkojo. Dawa zile hazikuwa za homeopathia, lakini mmea ulikuwa uleule.

Hapa hoja yatimia. Mwanafunzi wa Leipzig akinywa aristolokia kwa wiki moja na kuandika kila aonalo, ataandika nini? Saratani itakayomea miaka 10 au 20 baadaye haina maumivu leo. Figo huharibika kimya kimya. Shahidi aliye mwaminifu kabisa hawezi kushuhudia jambo ambalo hajalihisi. Jaribio la mwili hujibu juu ya yale tu yanayojitangaza upesi, na sumu zilizo mbaya zaidi hazijitangazi upesi. Wala lisingeweza kuwafaa wanawake wa Brussels, kwa sababu kosa halikuwa katika ujuzi wa dawa bali katika kutojua ni mmea gani umo ndani ya kidonge.

Sheria nazo zilichelewa kuliona jambo hili. Nchini Marekani, mwaka 1937, dawa moja ya maji ya salfa iliyoyeyushwa katika kiowevu chenye sumu iliwaua watu zaidi ya 100, wakiwamo watoto wengi. Mwaka uliofuata ikapitishwa sheria ya kuwalazimisha watengenezaji waonyeshe usalama wa dawa mpya kabla ya kuuza. Aliyeipigania katika Seneti alikuwa Royal Copeland wa New York, ambaye kwa kazi yake ya asili alikuwa tabibu wa homeopathia. Kwa jitihada zake orodha rasmi ya dawa za homeopathia iliingizwa katika sheria kuwa ni orodha inayotambuliwa. Copeland alifariki Juni 1938, siku chache kabla Rais Roosevelt hajaitia sahihi. Ndipo likatokea jambo la ajabu: sheria ileile iliyozaliwa kwa ajili ya usalama ilizipa dawa za homeopathia kivuli cha kukaa. Kuanzia mwaka 1988 mwongozo wa mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo uliziruhusu kuuzwa, kwa masharti fulani, bila kupitia uthibitisho uliodaiwa kwa dawa nyingine.

Kivuli hicho kiliwaangukia watoto wachanga. Kwa miaka mingi viliuzwa Marekani vidonge vya homeopathia vya kuwatuliza watoto wanaoota meno, na miongoni mwa vitu vilivyomo ni beladona. Mama aliyenunua aliamini kwamba alichoshika mkononi ni kitu pole. Mwezi Oktoba mwaka 2010 mamlaka ya chakula na dawa ilitoa onyo juu ya vidonge vya namna hiyo: maabara yake ilikuta kiasi cha beladona kisicholingana kutoka kidonge hata kidonge, na zilipokewa habari za watoto walioonyesha dalili zifananazo na za sumu hiyo. Tena vifuniko vya chupa havikuwa vya namna ya kumzuia mtoto asifungue, na baadhi ya watoto walikula vingi kuliko walivyoandikiwa. Vikaondolewa madukani, kisha vikarudi baada ya kutengenezwa upya. Septemba 2016 onyo lilitolewa tena, kwa vidonge na kwa dawa ya kupaka ufizi. Kufikia Oktoba mwaka huo mamlaka ilieleza kwamba katika miaka 6 ilikuwa imepokea ripoti zaidi ya 400 za madhara, pamoja na habari za vifo 10. Ripoti si hukumu, na mamlaka ilisema kwamba uhusiano wa vifo hivyo na dawa ulikuwa bado haujajulikana. Lakini Januari 2017 jibu la maabara lilitangazwa, na hilo halikuwa la kukisia: katika baadhi ya vidonge beladona ilizidi, wakati mwingine kwa mbali sana, kiasi kilichoandikwa juu ya chupa. Aprili 2017 vidonge vikarudishwa kutoka nchi nzima.

Kosa hilo ni rahisi kulielewa kwa mfano wa jikoni. Mpishi akitia chumvi ya kutosha katika sufuria kubwa asikoroge vema, chumvi ya sufuria nzima yaweza kuwa ni ya kiasi, lakini mlaji mmoja atapata chakula cha chapwa na mwenzake atapata cha kuunguza ulimi. Hesabu ya kuzimua ni kweli kwenye karatasi, na huwa kweli katika kidonge ikiwa mkono uliochanganya haukukosea. Nao wahenga walisema kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kiasi ambacho mtu mzima hakihisi chaweza kuwa bahari kwa mtoto wa miezi 6, ambaye uzani wake ni mdogo na ambaye hana ulimi wa kusema mdomo umekauka na moyo wadunda. Mtoto huyo ni kinyume kabisa cha mjaribiwa wa Hahnemann. Hawezi kuandika daftari. Chupa isiposemeshwa, hapana atakayesema badala yake.

Kusemesha chupa kumekuwa sasa elimu yenye hatua zake. Kwanza mmea hutambuliwa kwa umbo lake, kwa hadubini na kwa alama zake za kikemia, ili wa jina moja usichukuliwe badala ya mwingine. Pili hutafutwa vitu visivyotakiwa: dawa za kuulia wadudu, metali nzito, ukungu na bakteria. Tatu hupimwa kiasi cha kiini chenye sumu katika tinktura mama, kama vile atropini katika beladona. Nne hupimwa vidonge vingi vya pishi moja, kimoja kimoja, ionekane kama vinalingana. Tano hutazamwa kama dawa yabaki ilivyo kwa muda wote ulioandikwa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2009 kitabu juu ya usalama katika utengenezaji wa dawa za homeopathia, na mkazo wake ulikuwa juu ya mambo ya namna hii. Umoja wa Ulaya, kwa amri ya mwaka 1992 iliyoingizwa baadaye katika sheria ya mwaka 2001, ulifungua njia nyepesi ya kusajili dawa hizo kwa masharti, na mojawapo ni kwamba isizidi sehemu 1 ya tinktura mama katika sehemu 10,000. Marekani ilifuta mwaka 2019 ule mwongozo wa mwaka 1988, na Desemba 2022 ikatangaza mwongozo mpya unaozitazama kwanza dawa za hatari zaidi, zikiwamo zile zinazokusudiwa watoto na zile zenye vitu vya sumu.

Hata jaribio la chupa, pamoja na ubora wake, lina mpaka. Chupa ya kiwango cha 30 itapita mitihani yote mitano, kwa kuwa haina kitu cha kushtakiwa. Lakini ikiwa mgonjwa wa malaria ameshika chupa hiyo akaacha tiba ya hakika, atadhurika na kitu kisicho na sumu. Mwaka 2009 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliwaonya watu wasitegemee homeopathia kwa malaria, kifua kikuu, UKIMWI, na kuhara kwa watoto. Tiba iliyozaliwa kwa gamba la mti wa kwinini yaweza kumnyima mgonjwa faida ya gamba lilelile. Kwa hiyo usalama una maswali mawili yasiyotenganishwa: dawa yamfanya nini mtu, na yamwachisha nini.

Mambo haya yanawahusu pia watu wa Afrika ya Mashariki, ambako maarifa ya mimea ni urithi wa kila kabila. Tanzania ilipitisha mwaka 2002 sheria ya tiba asili na tiba mbadala, na baraza likaundwa la kuzisimamia. Kazi ya baraza kama hilo yaweza kufanywa kwa mojawapo ya njia mbili zilizoelezwa. Yaweza kuuliza watu wanasemaje juu ya dawa, na wengi watasema kwamba babu waliitumia wasidhurike. Ushuhuda huo una heshima yake, lakini ndio huohuo waliokuwa nao watumiaji wa aristolokia kwa karne nyingi. Au yaweza, pamoja na kuusikiliza ushuhuda, kuichukua chupa yenyewe mpaka maabara na kuihoji.

Hahnemann alipokuwa kijana wa miaka 33 aliwafundisha Wajerumani kwamba mvinyo mtamu haujithibitishi kwa utamu wake. Lau angalishika somo hilo katika dawa zake kama alivyolishika katika mvinyo wa wengine, huenda jaribio la chupa lisingalichelewa namna ile kufika kwenye kidonge cha mtoto. Upole wa dawa, kama utamu wa mvinyo, ni dai tu, na dai hupimwa kabla ya kuaminiwa.